Kuficha Jina la Wi-Fi Hakukulindi

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwa fahari kwamba ameficha jina la mtandao wa Wi-Fi wa nyumbani kwake, ameorodhesha kwenye ruta vifaa vya familia ili vingine visiungane, na sasa analala usingizi mnono. Nenosiri lake, alivyonieleza bila kuulizwa, ni namba yake ya simu. Nilimjibu kwa upole, lakini hapa nitasema kwa kirefu, kwa kuwa ujumbe wa aina hii naupokea mara kwa mara, na wanaouandika ni watu makini.

Jina lililofichwa halifichiki. Simu ya nyumbani inapotaka kuungana hulitaja hewani, na yeyote mwenye programu ya kunasa mawimbi hulisoma. Orodha ya vifaa nayo ina udhaifu huohuo, kwa sababu anwani ya kila kifaa husafiri wazi na kuiiga ni kazi ya dakika chache. Watu huyapenda mambo haya mawili kwa kuwa yanaonekana machoni kama ulinzi.

Mimi nilianzia kwingine. Fundi aliyeniletea ruta aliifunga ukutani, akahakikisha simu yangu imepata intaneti, akanionyesha kibandiko chenye jina la mtandao na nenosiri, kisha akaanza kukusanya nyaya zake. Nilipomwuliza kuhusu nenosiri la kuingilia mipangilio ya ruta yenyewe, alicheka na kusema kwamba hayo ni mambo ya wataalamu, nisijisumbue. Kicheko kile sijakisahau. Nilifungua kivinjari mbele yake, nikaandika 192.168.1.1, anwani ya ukurasa wa mipangilio ya ruta, nikajaza neno “admin” katika nafasi zote mbili, ya jina na ya nenosiri, na ukurasa ukafunguka. Hakucheka tena, na nakiri kwamba nilifurahi.

Anayefika kwenye ukurasa huo ndiye mwenye mtandao: anaweza kubadilisha nenosiri la Wi-Fi, au kuielekeza ruta ikupeleke kwenye tovuti bandia huku wewe ukidhani uko mahali pake. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka mamia ya maelfu ya vifaa, vikiwemo kamera na ruta, kwa kujaribu tu orodha fupi ya manenosiri ya kiwandani. Kwa hiyo badilisha nenosiri hilo la mipangilio kabla ya jambo lingine lolote, kisha uzime ruhusa ya kuisimamia ruta kutoka nje ya nyumba.

Ukiwa humo, zima pia WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa kubonyeza kitufe au kuandika namba ya siri ya tarakimu 8. Tarakimu 8 zinasikika kama michanganyiko milioni 100, lakini mwaka 2011 ilibainishwa hadharani kwamba ruta huihakiki namba hiyo kwa nusu mbili, na tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zilizotangulia, hivyo majaribio 11,000 yanatosha kuipata.

Sasa nenosiri la Wi-Fi lenyewe. Ruta hukupa kuchagua aina ya ulinzi unaoficha mawasiliano ya Wi-Fi: chagua WPA3, iliyotoka mwaka 2018, au WPA2 ikiwa vifaa vyako ni vya zamani. WEP, aina ya zamani zaidi, ilikwisha kuvunjwa tangu mwaka 2001, na kifaa kisichojua kingine zaidi ya hiyo kimestahili kustaafu. Katika WPA2, mvamizi hahitaji kukaa nje ya dirisha lako akibahatisha. Hunasa mazungumzo mafupi ambayo simu na ruta hufanya wakati wa kuungana, akaenda nayo kwake, na kuiacha kompyuta ibahatishe usiku kucha bila ruta yako kujua lolote. Namba ya simu haitahimili usiku huo. Tumia maneno matano au sita yasiyohusiana, kwani nafasi unayo hadi herufi 63. Badilisha na jina la kiwandani la mtandao, kwa sababu ufunguo wa WPA2 hukokotolewa kutokana na nenosiri pamoja na jina, na kwa majina yaliyozoeleka wapo waliokwisha kufanya hesabu hizo mapema.

Kuhusu mahali pa kuiweka ruta sitakawia: iwe juu, katikati ya nyumba, mbali na maikrowevu, inayovuruga masafa ya gigahezi 2.4.

Lililonigharimu zaidi ni mtandao wa wageni, yaani Wi-Fi ya pili katika ruta ileile, yenye jina na nenosiri lake. Nilipoufungua na kuacha kutoa nenosiri kuu, shemeji yangu alitangaza mbele ya ukoo mzima kwamba siku hizi hata intaneti naipima kwa kijiko. Watu walicheka, na jina la mchoyo likanikaa. Baadaye simu yake ilijaa programu za ajabu, akaniletea mimi huyohuyo niisafishe, na niliisafisha. Kwangu haikuwa imegusa kifaa chochote, kwa kuwa katika mtandao wa wageni nilikuwa nimezuia vifaa visionane. Ndugu zangu, msione haya. Mgeni anapewa intaneti kwa ukarimu wote, lakini hana haja ya kuifikia kompyuta yenye nyaraka zako, na akinuna mwache anune.

Televisheni na kamera nazo nimezihamishia hukohuko kwa wageni, maana nyingi huacha kupokea masasisho muda mrefu kabla hazijaharibika. Ruta yenyewe nimeiwekea ijisasishe usiku. Isiyo na uwezo huo itakubidi uingie mwenyewe kwenye mipangilio mara kwa mara na kubonyeza kitufe cha kusasisha.