Anza na Bomba Linalovuja

Dada mmoja ameniandikia wiki hii. Anatamani kujitegemea nyumbani: alime mboga, ashone, atengeneze vitu mwenyewe. Kila akianza yote kwa pamoja, anachoka. Anauliza aanzie wapi. Dada yangu, anza na kile kinachokunyima usingizi.

Mimi kilichoninyima usingizi ni bomba la jikoni. Lilidondosha maji usiku kucha. Fundi niliyemwita alichukua malipo ya awali, akaahidi kurudi kesho yake, kisha akaacha kupokea simu zangu. Bado linaniuma. Kuwa mnyonge ndani ya nyumba yako mwenyewe, ukimsubiri mtu asiyekujali, ni jambo baya sana.

Basi nikalivaa mwenyewe. Nilifunga koki kuu, ile inayokata maji ya nyumba nzima, nikafungua bomba ili maji yaliyobaki ndani yatoke, nikaziba tundu la sinki kwa kitambaa ili skrubu isije ikazama. Kisha nikashika spana. Ndani nikaikuta washa, kile kipira kidogo cha duara, imelika upande mmoja. Nilikwenda nayo dukani nikatafuta ya ukubwa uleule, maana ikipishana kidogo tu maji hayazuiliki. (Hili ni kwa mabomba ya kuzungusha. Mengi ya yale ya mkono mmoja yana katriji, yaani kifaa cha ndani kinachofungua na kufunga maji, na hiyo hubadilishwa nzima.) Nikarudishia, nikafungua koki polepole. Halikudondoka hata tone! Nilimwita kila mtu nyumbani aje aone, na najivunia mpaka leo.

Hapo ndipo macho yalipofunguka. Nikajifunza kusoma mita ya maji: funga mabomba yote, andika namba, usitumie maji kwa saa nzima, kisha soma tena. Namba ikisogea, kuna mahali panavuja. Choo nacho unakipima kwa matone ya rangi ya chakula kwenye tangi. Usivute maji kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli la choo, kipira cha ndani ya tangi hakizibi. Mboga zilikuja baadaye, kwenye ndoo kuukuu iliyotobolewa chini.

Ndugu zangu, tumezoea mno kusubiri. Kitasa kikilegea tunasubiri, kifungo kikitoka tunasubiri. Shika jambo moja, lifanye mpaka mkono ulizoee, ndipo uende kwa jingine. Na usikimbilie kununua vifaa vya kazi ambayo hujaianza. Ila nyaya za umeme na gesi mwachie fundi mwenye ujuzi. Hapo sitaki ushujaa wa mtu.

Kwa hiyo dada, leo kabla ya kulala, tafuta koki kuu ya nyumba yako ilipo. Ifunge, ifungue. Nyingi hukaa miaka bila kuguswa zikakwama, na siku paipu inapopasuka ndipo watu wanahangaika kuitafuta gizani. Ikigoma usiilazimishe, kwa sababu ikikukatikia mkononi nyumba itafurika. Hiyo mwitie fundi, umlipe akishamaliza.