Mita 402 huamuliwa kwenye tairi

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza hivi: gari la misuli la Kimarekani (kwa Kiingereza «muscle car») lililoongezewa nguvu na mafundi, likisimamishwa kando ya supakaa, yaani gari la kifahari la mbio, ya Ulaya kama ilivyotoka kiwandani, lipi litatangulia kwenye mstari ulionyooka? Mimi ni fundi wa injini hapa Nyakato, Mwanza, na kwa miaka mingi kazi yangu kubwa imekuwa kufufua turbo, vile vifaa vya kuisukumia injini hewa zaidi, za malori na za magari madogo ya Kijapani. Kanuni zinazoyasukuma magari mnayoyauliza ni zilezile zinazolisukuma lori la samaki, na naona kwamba majibu mengi ninayoyasikia vijiweni yanaanzia mahali pasipofaa, yaani kwenye idadi ya farasi wa injini, kipimo cha nguvu zake. Mimi naomba nianzie kwenye tairi.

Miaka michache iliyopita niliitwa Kayenze kutazama injini ya boti ya mfanyabiashara mmoja wa dagaa. Boti ilitakiwa ivutwe kutoka majini kwa pikapu inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, na bodi yake ilikuwa tupu. Kila dereva alipokanyaga mafuta, magurudumu yalizunguka palepale na kuchimba mchanga mbichi, na kadiri alivyozidi kukanyaga ndivyo yalivyozidi kuzama. Mzee mmoja wa pale mwaloni akawaamuru vijana sita wapande nyuma na wasimame juu ya ekseli. Dereva akaachia klachi taratibu, na boti ikatoka. Injini haikuongezewa hata farasi mmoja. Kilichoongezeka ni uzito ulioyakandamiza matairi, na kwa sababu hiyo kikaongezeka pia kiasi cha nguvu ambacho matairi yaliweza kukifikisha chini bila kuteleza.

Mashindano ya Kimarekani ya mstari mnyoofu hupimwa kwa robo maili, yaani mita 402, gari likianza kutoka kusimama. Katika hatua za mwanzo kabisa za safari hiyo, gari lenye farasi 700 au 800 lina nguvu nyingi kuliko matairi ya kawaida yanavyoweza kubeba, na dereva anayejua kazi yake huibania injini badala ya kuiachia. Hapo supakaa huanza na mtaji. Injini yake kwa kawaida imelala nyuma ya kiti cha dereva, karibu na magurudumu yanayosukuma, na baadhi yake, kama Lamborghini Huracán na Bugatti Veyron, husukuma kwa magurudumu yote manne. Gari la misuli limejengwa kwa mpangilio mwingine: injini kubwa ya V8, yaani ya silinda nane, iko mbele na magurudumu yanayosukuma yako nyuma, kama ile pikapu ya Kayenze kabla vijana hawajapanda. Ukilifunga supachaja, kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi kinachozungushwa na injini yenyewe, na kulifikisha farasi 800 huku ukiliachia matairi yake ya barabarani, umenunua moshi mweupe, na supakaa yenye farasi 600 itakuwa imekwishaondoka.

Pamoja na hayo, jibu langu ni kwamba ndani ya mita 402 gari la misuli lililoandaliwa kwa akili linaweza kushinda, na ushahidi upo. Mwaka 2018 Dodge waliuza Challenger SRT Demon, gari ambalo kwa macho ya fundi limefanyiwa na kiwanda chenyewe yale ambayo watu walikuwa wakiyafanya gereji. Injini yake ya lita 6.2 yenye supachaja ilitoa farasi 808 kwa petroli ya vituoni na 840 kwa petroli ya oktani 100. Lakini si hapo penye ufundi wake. Walilivisha matairi laini ya mashindano yenye upana wa milimita 315 pande zote nne; wakalegeza springi na kurekebisha shokapu ili gari likiondoka pua inyanyuke na uzito ukimbilie nyuma; wakaliwekea giaboksi inayoweza kulizuia gari lisitoke huku injini ikijaa nguvu, kisha ikaachia kwa mkupuo mmoja; wakaitumia hata gesi ya kiyoyozi kupoza hewa inayoingia kwenye injini; na kiti cha abiria wa mbele wakakiacha nje, anayekitaka akiagize. Wale vijana sita, kwa maneno mengine, walitiwa ndani ya springi na shokapu. Gari hilo lenye uzito wa karibu kilo 1,930 lilikata mita 402 kwa sekunde 9.65, likavuka mstari likiwa na kasi ya kilomita 225 kwa saa.

Lilinganisheni na Bugatti Veyron, iliyoanza kuuzwa mwaka 2005 ikiwa na silinda 16, turbo 4 na farasi 1,001. Kwa kila tani ya uzito wake Veyron ina karibu farasi 530, ilhali Demon halifikishi 450. Hata hivyo majaribio ya majarida ya magari yaliipa Veyron sekunde 10 na ushei kwa umbali huohuo. Mwenye farasi wachache kwa kila tani alimtangulia mwenye wengi, naye aliuzwa kwa karibu dola 85,000 wakati mwenzake alianzia zaidi ya euro milioni 1. Haki inanitaka niongeze kwamba muda wa Demon hupatikana kwenye njia ya mashindano iliyopakwa gundi ili ishike matairi. Lipelekeni kwenye lami ya kawaida yenye vumbi, na faida yake kubwa itayeyuka, kwa kuwa faida yenyewe ilikuwa mshiko, na Veyron yenye kusukuma kwa magurudumu manne itakuwa imepata siku yake.

Mambo hubadilika kabisa mstari ukirefushwa. Daraja letu la Kigongo–Busisi lina urefu wa takriban kilomita 3, kwa hiyo mita 402 ni kama sehemu moja tu kati ya saba au nane za daraja hilo. (Nalitaja kama kipimo cha macho tu, barabara ya umma haina nafasi ya mashindano, na nimekwisha kuona magari ya kutosha yakiletwa gereji yakiwa yamekunjamana.) Katika umbali wa daraja zima, adui si tairi tena, ni hewa. Ukizidisha kasi mara mbili, nguvu inayohitajika kuipasua hewa huongezeka mara nane, na umbo la gari la misuli, lenye pua pana na kioo kilichosimama, huanza kulidai. Demon kasi yake huishia kilomita 270 kwa saa. Veyron hufika 407, na ili ifike huko bila kuungua ilibidi ipewe rejeta 10. Hicho ndicho mnunuzi wa supakaa anachokilipia, pamoja na breki za kuirudisha, na ndani ya mita 402 hakionekani.

Kuhusu neno «lililoongezewa nguvu», nawasihi wasomaji walitafakari, kwa sababu limebeba gharama isiyoonekana kwenye video. Injini kubwa za V8 za Kimarekani zinapokea nguvu za ziada kwa urahisi: lita ni nyingi, muundo ni wa kueleweka, na vipuri vinapatikana kwa wingi kwao. Dodge Challenger Hellcat ya mwaka 2015 ilitoka kiwandani na farasi 707, na fundi akibadilisha puli ya supachaja kwa ndogo zaidi, akaongeza mafuta na kupanga upya kompyuta ya injini, atapata zaidi. Lakini kila hewa inayoongezwa inaleta joto, na joto likizidi petroli hulipuka kabla ya wakati wake, pistoni zikaanza kugonga. Nililijifunza hilo kwa uchungu kupitia gari dogo la Kijapani la silinda sita ambalo mwenyewe aliniomba niongeze msukumo wa turbo, nami nikakubali bila kubadilisha nozeli wala kupima mafuta. Lilikimbia vizuri kwa wiki mbili, kisha pistoni mbili zikatoboka. Niliijenga upya injini ile kwa fedha yangu. Injini ikisalimika, zamu hufika kwenye giaboksi, kisha difu, kisha shafti za magurudumu, kila kimoja kikidai chuma bora kuliko cha kwanza.

Haki pia inataka tukumbuke kwamba supakaa nazo huongezewa nguvu. Marekani kuna mafundi wanaoifunga injini ya V10 ya Lamborghini turbo mbili, na magari hayo huyaacha mbali hata magari ya misuli yaliyoandaliwa vizuri. Swali lenu lilipambanisha gari lililopikwa na lisilopikwa, na hilo lina uzito kwenye jibu.

Limebaki jambo moja ambalo sijaona likitajwa na yeyote, nalo linatuhusu sisi wa Kanda ya Ziwa. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya kumi. Injini inayovuta hewa yenyewe, kama V10 ya Huracán yenye farasi 610, hupoteza karibu kiasi hichohicho cha nguvu. Supachaja haiiokoi injini, kwa sababu huzungushwa na mkanda kulingana na mzunguko wa krenki, ikaipokea hewa nyepesi na kuisukuma ikiwa bado nyepesi. Turbo huzungushwa na moshi wa ekzosi, na ikiruhusiwa na kompyuta huongeza mbio zake mpaka ifikie shinikizo iliyopangiwa. Kwa hiyo supakaa kama McLaren 720S yenye turbo mbili ingeshuka Mwanza na karibu nguvu zake zote, ilhali gari la misuli lenye supachaja na Lamborghini isiyo na turbo zingeshuka zikiwa zimepungukiwa. Ila upungufu huo usingeonekana mwanzoni, pale ambapo tairi lilikuwa limekwisha kuikataa nguvu ya ziada hata kule pwani. Ungeanza kuonekana katikati ya mita 402, matairi yakishashika na kila farasi akihitajika.