Klachi ya Hilux imegoma: usikubali giaboksi ishushwe kwanza

Mkuu pole sana, ila hapo uliposema fundi kakwambia klachi imeisha ulete kit nzima (seti ya klachi ya ndani) ashushe giaboksi, naomba hiyo hela iache mfukoni kwanza. Umesema gari ikiwa imezimwa gia zote zinaingia laini, ukiwasha hata moja haiingii, rivasi inakwaruza, na pedali imekuwa nyepesi inaenda mpaka chini. Sasa hizo siyo dalili za kuisha kwa pleti, ile sahani inayoshikana na injini kupeleka nguvu kwenye giaboksi. Pleti ikiisha gia zinaingia vizuri tu ila gari haivuti, unakanyaga mafuta injini inalia mwendo hauongezeki. Yako ni klachi haikati, yaani ukikanyaga haiachanishi injini na giaboksi, hayo ni magonjwa mawili tofauti, na kwenye hizi Hilux za zamani zenye klachi ya oili kutokukata mara nyingi shida iko nje, kwenye masta, zile pampu ndogo za oili ya klachi, ya juu kwenye pedali au ile ya chini iliyofungwa pembeni ya giaboksi.

Mimi Hilux yangu inabeba zabibu, Mpunguzi na Hombolo kuja Dodoma mjini, msimu ukiisha inabeba chochote. Ilinifanyia hivyo hivyo nikiwa na kreti nyuma. Ilianza kidogo kidogo, ukikanyaga mara moja gia ngumu, ukipampu pampu inaingia, baadae hata upampu vipi hamna kitu. Fundi wa kwanza hakuinama hata chini ya gari, alikanyaga pedali akaniambia kalete kit. Nikamuita kijana mwingine, huyo alitandika boksi akalala chini akafunua kile kimpira cha vumbi kwenye masta ya chini, oili ikamchuruzikia mpaka kwenye kiwiko, nyeusi kama chai ya rangi. Mipira ya ndani ilikuwa imekwisha. Akapitisha kidole ndani ya silinda, ikawa bado laini haina michirizi, tukabadilisha mipira peke yake tukatoa upepo na gari ikaondoka siku hiyo hiyo na mzigo wake. Silinda ingekuwa na michirizi au kutu ndani usihangaike na mipira, nunua masta nzima, maana mipira mipya ikisugua pale utarudi gereji muda si mrefu.

Sasa na wewe fanya hivi, huhitaji hata spana. Fungua boneti angalia kikopo cha oili ya klachi, kama imeshuka imevuja mahali. Ingiza mkono chini ya dashibodi pale fimbo ya pedali inapoingilia masta ya juu, kukiwa kumelowa au kapeti ina mafuta basi ni ya juu. Kisha nenda chini ufunue kimpira cha masta ya chini. Kukiwa kukavu kote usiseme ni nzima, masta ya juu inaweza kuvujia ndani kwa ndani bila tone kutoka nje, hiyo utaijua ukikanyaga pedali ukaishikilia ikawa inazama yenyewe taratibu. La mwisho mwite mtu akanyage klachi, gari imezimwa, wewe ukiwa chini uangalie ile fimbo inayosukuma uma wa klachi. Inatakiwa isogee zaidi ya sentimita moja. Ikisogea kidogo shida ni oili, upepo au masta. Ikisogea vizuri na klachi bado haikati, hapo sasa ndiyo unaweza kuongelea ya ndani, uma umepasuka, presha pleti inayoibana pleti imekufa, au gari imelala muda mrefu masika pleti ikashikana na flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini.

Oili weka ya breki, DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyosema. Kuna watu wanamiminia ya injini au ya pawa stelingi eti oili ni oili, hiyo inavimbisha mipira na utanunua zote, juu na chini. Kutoa upepo ni watu wawili, mmoja anakanyaga anashikilia, wa chini anafungua nipo, kile kiskrubu cha kutolea upepo kwenye masta ya chini, oili itoke na mapovu, anafunga, NDIYO wa juu anaachia. Akiachia kabla haijafungwa upepo unarudi wote. Na kikopo kisikauke katikati ya kazi.

Kwa wale ambao kweli pleti imeisha. Kuipima, sehemu ya tambarare, mbele kusiwe na mtu, vuta hendibreki kisawasawa, weka gia ya tatu, kanyaga mafuta kidogo uachie klachi polepole. Injini ikizimika pleti bado inashika. Ikiendelea kuunguruma kama hamna kilichotokea imeisha. Usirudie rudie unaiunguza bure. Yangu pleti ilimalizwa na dereva wa kuajiriwa, alikwama kwenye tope la mbuga za Bahi akakomaa na klachi nusu mpaka harufu ikajaa kabini. Hapo giaboksi ikashuka kweli, na ikishashuka badilisha pleti, presha pleti na rilizi beringi (ile inayosukuma presha pleti ukikanyaga klachi) kwa pamoja, kazi ya kushusha ni ile ile. Angalia na oili sili ya nyuma ya injini, ikivujia pleti mpya itateleza kama ya zamani. Flaiwili ikiwa na madoa ya bluu au nyufa ndogo ndogo ipeleke ikachongwe. Kabla ya kufunga weka pleti mpya juu ya ya zamani ulinganishe upana na meno ya katikati, dukani wanachanganya sana. Na wakati wa kurudisha simama pale pale, giaboksi isiachwe ining'inie kwa shafti yake ndani ya pleti jeki ikiwa imeondolewa, inapinda kitovu cha pleti halafu unaanza kushangaa kwanini klachi mpya haikati.

Kuhusu mlio, ukisikika ukikanyaga klachi ni rilizi beringi, ukisikika ukiachia na ukikanyaga unapotea hiyo ni beringi ya shafti ya giaboksi.

Ikikufia porini, tuseme njia ya Mtera, zima gari, ingiza gia ya kwanza, piga stata itaondoka yenyewe kwa kurukaruka. Usibadilishe gia hovyo na usijaribu mjini kwenye foleni.

Na kama wewe una kirikuu, kile kipikapu kidogo, na klachi inateleza, yako ni ya waya haina masta. Angalia nati ya kurekebishia, pedali inatakiwa iwe na nafasi kidogo ya kucheza kabla haijaanza kuwa nzito. Pleti ikilika hiyo nafasi inapotea, klachi inabaki kama imekanyagwa muda wote na inaanza kuteleza, wewe unadhani imeisha kumbe waya umekaza. Legeza kidogo ukajaribu mlimani. Ikiteleza na nafasi ipo, hapo hata mimi nakwambia shusha.