Klasta ya Kubernetes na huduma ya idhini iliyo nje: amua kwanza itakuwaje huduma ikinyamaza

Ndugu wa Likasi anataka seva ya API, yaani lango linalopokea maombi yote ya klasta yake ya Kubernetes (kundi la mashine zinazoendesha programu kwa pamoja), iulize huduma ya idhini ya kampuni yao, ambako haki za wafanyakazi wote zimekwisha kuandikwa, badala ya kuzirudia ndani ya klasta. Shida yake ni kwamba kila intaneti inapokatika, amri za kubectl, chombo cha kuiamuru klasta, hukaa muda mrefu kisha hukataliwa, hata zile za mafundi. Hapa Lubumbashi ninatunza klasta ya namna hiyo kwa kampuni inayofuatilia malori ya shaba yaendayo Kasumbalesa, nami nitaeleza tulivyoipanga na sababu zake.

Seva ya API ikishamtambua mwombaji, hupitisha ombi lake kwa waamuzi wa idhini mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio uliouandika wewe. Kila mwamuzi ana majibu matatu: naruhusu, nakataza, sina neno. Ruhusa au katazo la kwanza humaliza shauri. Asiye na neno humwachia anayefuata, na wote wakikosa neno ombi hurudishwa na jibu la 403, yaani limekataliwa. Huduma ya nje huulizwa kwa HTTPS, kwa hati ya JSON iitwayo SubjectAccessReview, inayotaja mtumiaji, makundi yake, kitendo anachokitaka, rasilimali na nafasi ya majina (namespace, sehemu ya klasta iliyotengwa). Huduma hujibu kwa kujaza sehemu ya status. Hapa pasomwe kwa makini: ikiandika allowed kuwa false bila kitu kingine, haijakataza, imesema tu kwamba haina neno, na RBAC (mwamuzi wa ndani ya klasta anayetoa haki kwa majukumu) inayofuata inaweza kumruhusu mtu yuleyule. Katazo la kweli huhitaji denied kuwa true.

RBAC yenyewe haikatazi kamwe. Huruhusu au hunyamaza. Kwa hiyo ukiiweka mbele ya huduma ya nje, huduma hiyo itaweza kuongeza haki tu na haitaweza kumzuia mtu ambaye RBAC imekwisha kumruhusu. Anayetaka huduma ya kampuni iwe na sauti ya mwisho lazima aiweke kabla ya RBAC, na akishafanya hivyo swali la intaneti iliyokatika linakuwa swali kubwa kuliko yote, kwa sababu kila ombi litasimama kwanza mlangoni pa huduma ambayo huenda haipatikani.

Njia ya zamani ilikuwa kutumia --authorization-mode pamoja na --authorization-webhook-config-file, na inaruhusu huduma moja tu ya nje. Tangu toleo la 1.29 ipo njia ya faili la mpangilio, --authorization-config, ambayo ilikuwa ya majaribio wakati huo, ikaingia hatua ya beta katika 1.30 na kuthibitishwa rasmi katika 1.32. Njia hizi mbili hazichanganywi. Nakushauri kwa dhati utumie ya pili, kwa kuwa inakupa vitu vitatu unavyovihitaji hasa: muda wa kusubiri jibu, ambao hauwezi kuzidi sekunde 30 (mimi nimeweka 3), failurePolicy, yaani uamuzi wa huduma isipojibu, ambao ni ama NoOpinion ama Deny, na masharti ya kuchagua ni maombi yapi yapelekwe nje.

Masharti hayo ndiyo yaliyotupa utulivu. Klasta hujiuliza maswali mengi kuliko watu wanavyoiuliza: kubelet (wakala wa klasta ndani ya kila mashine), vidhibiti na huduma za kube-system, nafasi ya majina ya mfumo wenyewe, huomba mchana na usiku, na hakuna sababu ya maombi hayo kutoka nje ya jengo. Tumeandika sharti kama !('system:serviceaccounts:kube-system' in request.groups), na lingine linalodai has(request.resourceAttributes) ili maswali kuhusu anwani kama /healthz yasipelekwe. Sharti moja lisipotimia, huduma ya nje hurukwa na ombi huenda kwa mwamuzi anayefuata. Tena faili linakubali kuitaja huduma ileile mara mbili kwa majina tofauti: kwa nafasi ya majina ya malipo tumeweka Deny, maana heri kazi isimame kuliko mtu asiyehusika kugusa fedha, na kwingineko tumeweka NoOpinion ili RBAC iendelee kuwahudumia mafundi kiungo kikikatika. Mwamuzi wa Node, anayeshughulikia maombi ya kubelet, tumemwacha awe wa kwanza, RBAC ya mwisho.

Kuhusu mahali pa huduma yenyewe nina msimamo. Ikiwa kampuni yenu inaiendesha ng'ambo, ombeni nakala yake iwekwe karibu, katika jengo lilelile ikiwezekana, lakini nje ya klasta. Ukiiweka ndani, umeme wa SNEL ukirudi na mashine zote zikiwaka kwa pamoja, seva ya API itahitaji ruhusa ya huduma ambayo haijaanzishwa, na huduma haitaanzishwa mpaka seva ya API iruhusu podi zake (vifurushi ambamo programu huendeshwa). Kwa Deny isiyo na masharti, klasta hiyo huenda isiinuke yenyewe. Zaidi ya hayo, kwenye klasta iliyosimikwa kwa kubeadm seva ya API hutumia mtandao wa mashine na kwa kawaida haiyajui majina ya ndani ya klasta, yanayoishia na svc.cluster.local, kwa hiyo jina la huduma liwe linalofahamika kwa DNS ya mashine. Jina hilo lionekane katika orodha ya majina mbadala ndani ya cheti, kwa maana programu za Go haziangalii tena Common Name, sehemu ya zamani ya jina katika cheti. Faili la mpangilio, faili la muunganisho na vyeti vipachikwe katika podi ya seva ya API kupitia /etc/kubernetes/manifests/kube-apiserver.yaml, la sivyo haitaviona.

Majibu huhifadhiwa kwa muda: ruhusa dakika 5, kutoruhusiwa sekunde 30, usipobadilisha. Maana yake mtu aliyeondolewa kazini sasa hivi anaweza kuendelea kupita kwa dakika hizo 5. Kwa malipo tumepunguza ruhusa iwe sekunde 30 na kukubali maswali mengi zaidi.

Sasa kuhusu mafundi wako kukataliwa. Kundi la system:masters, lenye haki zote za klasta, halipelekwi kwa mwamuzi yeyote wa nje, lakini kuanzia toleo la 1.29 kubeadm haitoi tena haki hiyo kupitia admin.conf, faili la kawaida la msimamizi; mwenye faili hilo hutegemea RBAC, hivyo huduma yenye Deny iliyo mbele ya RBAC isipojibu humzuia kama mtu mwingine yeyote. Faili lenye system:masters ni super-admin.conf. Litunzwe mahali salama, nje ya mashine za kila siku, kwa ajili ya siku ya dharura tu.

Kabla ya kuwafungulia watumiaji, jaribu kwa kubectl auth can-i pamoja na --as kwa mtu anayestahili na asiyestahili, kisha chomoa waya wa mtandao unaoelekea kwa huduma ya nje kwa makusudi urudie maswali yaleyale, ukisubiri ruhusa zilizohifadhiwa ziishe muda wake. Kumbukumbu za ukaguzi zikiwa zimewashwa, utaona authorization.k8s.io/decision na authorization.k8s.io/reason kwa kila ombi, kwa hiyo waombe wanaoitunza huduma waandike sababu zinazosomeka.

Niandikie toleo la klasta yako, na kama seva ya API ni yako mwenyewe au ya mtoa huduma wa wingu, maana kwa watoa huduma wengi mipangilio hii haiguswi na mteja na itabidi tuzungumzie njia nyingine.