Picha za mbao za Kijapani: geuza nyuma kwanza

Mkuu umeuliza kama ile picha ya hekalu kwenye theluji uliyonunua mnadani ni ya mbao kweli (yaani imechapwa kwa ubao uliochongwa) au bango la mashine tu, na ukitaka kukusanya uanzie wapi. Mi naishi Tokyo na hizi picha za miaka ya 1940 hadi 60 nazipenda kupita maelezo, nikipata nafasi niko Jimbocho kwenye maduka ya vitabu vya zamani napekua mafaili, kwa hiyo ngoja nikupe ninachojua.

Itoe kwenye fremu. Jina na mhuri vitafuata, we anza na mgongo wa karatasi. Picha ya mbao inachapwa kwa rangi za maji kwenye washi, karatasi ya nyuzi za mforosadi, mchapaji anailaza juu ya ubao uliopakwa rangi halafu anaisugua kwa mkono na kisugulio cha duara kinaitwa baren, sasa ile rangi inazama kwenye nyuzi mpaka ukigeuza unaiona imetokeza nyuma, na ukiiinamisha dirishani mwanga uje kwa ubavu unaona michirizi ya ule msuguano. Ukiweka lenzi ukakuta vidoti vidogo vimejipanga, hiyo ni ya mashine, kwisha habari.

Shida ni kwamba hekalu na theluji ni mambo ya mchoraji Kawase Hasui kabisa. Yeye alikuwa anachora tu, kuchonga na kuchapa ni mafundi wengine chini ya mchapishaji wake Watanabe Shozaburo. Hasui alifariki 1957 lakini kazi zake ziliendelea kuchapwa, kwa hiyo unaweza kuwa na picha ya mbao halisi, ya mkono halisi, ila imechapwa mwenyewe hayupo, na bei inashuka sana hapo. Mhuri wa mchapishaji ulibadilika umbo miaka ikienda, upige picha kwa karibu uiweke hapa tuusome. Kwa mchoraji mwingine, Yoshida Hiroshi (alifariki 1950), ni rahisi zaidi, tafuta alama ya jizuri pambizo la kushoto, maana yake uchapaji aliusimamia mwenyewe.

Ila ungeniuliza mimi, anza na wale waliochora, wakachonga na kuchapa kwa mikono yao. Azechi Umetaro na watu wake wa milimani, Sekino Jun'ichiro, na zaidi ya wote Saito Kiyoshi, aliyepata zawadi kwenye maonyesho ya sanaa ya São Paulo, Brazil, mwaka 1951 kwa picha ya mbao. Wamarekani waliokuwa Japani baada ya vita walizinunua sana, ndo maana mpaka leo nyingi zinaibukia minada ya Marekani. Ninayo moja ya Saito ya Aizu, kaskazini mwa Japani, wakati wa baridi, theluji ni karatasi tupu, halafu kwenye ukuta wa nyumba kaacha mishipa ya ubao ijichape yenyewe, yaani mti unauona kabisa, naweza kuitazama jioni nzima.

Usinunue iliyokatwa pambizo au iliyogundishwa kwenye kadibodi hata kama jina ni kubwa, ile kadibodi ya bei rahisi ina asidi, inaichoma karatasi inageuka kahawia na hairudi. Selotepu ndo kabisa. Ukiitundika iwe ukuta usiopigwa na jua, maana rangi hupauka, na kwa unyevu wa Dar acha nafasi kati ya kioo na karatasi, ikigusana inanata na kuota ukungu.