Krismasi London: anza kupanga na tarehe 25

Wengi wetu tukifikiria London ya Krismasi huwaza taa. Mimi pia nilianzia hapo. Nilijua taa za Regent Street, barabara ya maduka, zinawashwa lini na katika bustani ya Hyde Park kuna michezo gani, na nilikuwa na orodha ya maduka. Ndipo asubuhi ya tarehe 25 ilipotukuta tumesimama mbele ya stesheni, watoto wawili ndani ya nguo mpya, mume wangu na mfuko wa zawadi mkononi. Tulikuwa tumealikwa chakula cha mchana upande wa pili wa mji.

"Mama, huku kumefungwa kabisa," akaniambia mmoja wa watoto, kana kwamba mimi ndiye niliyefunga geti.

Siku ya Krismasi London haina usafiri wa umma. Sisemi kwamba treni zinapungua, nasema hazipo. Za chini ya ardhi zimelala, za juu zimelala, na hata yale mabasi mekundu ya ghorofa huyaoni barabarani. Mji wa watu karibu milioni 9 unanyamaza mpaka unasikia viatu vyako mwenyewe. Tulitembea kama dakika arobaini ndipo tukapata teksi, na nauli yake ingetupandisha treni wiki nzima. Tulifika chakula kimepoa na wenyeji wamechoka kutungoja. Wao hata haikuwapitia akilini kutuonya. Kwao hilo ni jambo linalojulikana.

Tangu hapo nimerudi mara mbili, na kila mara kitu cha kwanza ninachokipanga ni hiyo tarehe 25. Nikishajua tutalala wapi, tutakula nini na tutafika wapi kwa miguu siku hiyo, siku nyingine hujipanga zenyewe.

Malazi kwanza. Hoteli ya bei nafuu iliyo mbali na katikati ya mji ina maana siku zote ambazo treni zipo. Tarehe 25 inakuwa kifungo. Mara ya pili tulilala upande wa kusini wa mto Thames, vyumba vidogo kuliko tulivyozoea, lakini asubuhi ya Krismasi tulitoka tukafuata mto kuanzia Tower Bridge hadi Westminster. Ni kama kilomita 4, njia tambarare, hata mtoto mdogo anaiweza ukimpumzisha hapa na pale. Unapita jumba la maigizo la Globe la kina Shakespeare lililojengwa upya, unapita Tate Modern, jumba la sanaa, na mbele yake kuna daraja la waenda kwa miguu linalokuelekeza moja kwa moja kwenye kuba la kanisa kuu la St Paul's. Siku za kawaida hapo mnasukumana. Siku ile tulikuwa sisi na watu wachache waliotoa mbwa wao kutembea.

Ukilala karibu na Hyde Park kuna jambo jingine la kuchekesha: asubuhi ya Krismasi wanachama wa klabu moja ya kuogelea hushindana katika ziwa la Serpentine lililo humo, maji baridi vile. Kombe lao linaitwa la Peter Pan, na la kwanza lilitolewa mwaka 1904 na J. M. Barrie mwenyewe, yule mwandishi aliyemtunga Peter Pan, mvulana wa hadithi asiyekua. Wewe unasimama ukingoni na koti lako unawatazama.

Chakula nacho kinataka akili. Uingereza ina sheria ya mwaka 2004 inayokataza maduka yenye ukubwa wa zaidi ya mita za mraba 280 kufunguliwa siku ya Krismasi, kwa hiyo supamaketi zote kubwa zinafungwa. Kiduka cha mtaani unaweza kukikuta wazi, lakini utapata mkate, maziwa na biskuti, basi. Migahawa inayofungua siku hiyo hujaa mapema, mara nyingi inataka malipo ya awali, na bei yake ni ya sikukuu. Ukitaka kukaa mezani na kuhudumiwa, shika nafasi Oktoba au Novemba. Sisi siku hizi tunachukua nyumba yenye jiko, tunanunua vyakula tarehe 23, na tarehe 24 hatugusi supamaketi kwa sababu foleni zake ni adhabu.

Jambo la pili ambalo hakuna aliyenieleza ni giza. Wiki ya Krismasi jua huchomoza London kwenye saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Yaani mchana wote hautimizi hata muda wa saa nane. Safari ya kwanza tuliamka kivivu, tukanywa chai taratibu, na kila tulipofika mahali pa kutazama mandhari kiza kilikuwa kimetangulia. Sasa mpango wetu ni huu: bustani, madaraja na picha za nje ni asubuhi, mchana tuko ndani ya jengo lenye joto, na saa kumi unusu tunakwenda kwenye taa. Uzuri wa giza la mapema ndio huo, huhitaji kuwakesheza watoto. Panda basi, kaa juu kiti cha mbele kabisa, lipite Regent Street polepole kwenye msongamano. Utaona zaidi kuliko anayekanyagana barabarani, kwa nauli ya kawaida. Taa hizo ziliwashwa mara ya kwanza 1954, na sijachoka kuzitazama.

Mti wa Krismasi wa uwanja wa Trafalgar Square uendee pia, ila usitarajie mti wa kwenye kadi. Ni mrefu na mwembamba, na kila mwaka wenyeji huucheka. Mimi naupenda kwa sababu ya habari yake: watu wa Oslo huupeleka London tangu 1947 kuwashukuru Waingereza kwa msaada wao wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Jioni za Desemba vikundi huimba nyimbo za Krismasi chini yake, na kusikiliza ni bure.

Makumbusho makubwa kama British Museum na Natural History Museum hayana kiingilio, lakini hufungwa tarehe 24, 25 na 26. Tarehe 27 mji mzima uliofungiwa ndani siku tatu humiminika huko. Nenda kabla ya sikukuu, au uwe mlangoni saa ya kufungua.

Nguo sitasema mengi. Baridi ya huko ni ya mvua na upepo kuliko theluji, kwa hiyo usiwaahidi watoto theluji. Vaa nguo nyepesi kadhaa zinazovulika, maana ndani ya maduka joto ni la kuoka mkate.

Visa ya matembezi unaweza kuiomba kuanzia miezi 3 kabla ya safari, na kwa kawaida majibu hutoka ndani ya wiki 3 baada ya kuchukuliwa alama za vidole. Anza Septemba mwishoni. Kwenye usafiri kila mtu mzima awe na kadi yake ya benki ya kugusisha, kwa kuwa kadi moja hailipii wawili. Mabasi hayapokei fedha taslimu. Watoto wa chini ya miaka 11 hupanda bure wakiwa na mtu mzima.

Kuhusu mwaka mpya, fataki za pale mtoni ni kwa tiketi tangu 2014, na tiketi zenyewe huisha mapema. Bila tiketi hukaribii. Sisi hulala. Tarehe 1 Januari kuna gwaride linaloanza saa sita mchana Piccadilly, na kusimama kando ya barabara ni bure. Tunafika saa nne na nusu, karibu na linapoanzia, ili tuondoke mapema wengine wakiwa bado wanasubiri kule Whitehall, upande linakoishia. Ila kabla ya kusimama, wapelekeni watoto chooni wote, hata yule anayeapa kwamba hana haja. Nafasi ya mbele ukiiacha dakika kumi, huipati tena.