Fundi, anza na namba ya mashine

Ndugu fundi, umeuliza utafuatiliaje mashine za kubangua korosho ulizouza Newala, Tandahimba na Nachingwea, maana wateja wanakupigia msimu umechanganya na hujui hata uliwauzia toleo lipi.

Kila mashine ipe namba yake, na igonge kwa paunchi (chuma cha kuchapia namba) kwenye fremu. Stika usitumie kabisa. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza hadi ngozi ya mbanguaji, karatasi itadumu vipi? Namba hiyo iandike kwenye daftari au Excel: tarehe ya kuuza, mnunuzi, kijiji, simu mbili (ya mwenye mashine na ya anayeiendesha, huyu wa pili ndiye anayejua inapiga kelele gani), mota ya fezi moja au tatu, saizi ya beringi, mkanda na visu. Ukibadilisha muundo wa visu, andika umeanzia namba ipi. Hapo mtu akikupigia kutoka Kitangari, unamuuliza namba tu, unapakia kifaa sahihi kwenye basi la kesho.

Mashine ikiuzwa kwa mwingine, futa jina tu. Historia ya matengenezo ibaki na namba.

Halafu usingoje kupigiwa. Mavuno hushika kasi Oktoba, kwa hiyo Agosti na Septemba wapigie wewe, panga wateja wa njia moja, uwakagulie beringi na visu kwa safari moja. Nauli mchangie wewe na wateja, na hilo mkubaliane mapema, siku ile unapowauzia mashine.